Kiwanja Kimekauka

Sufuria ya maharage ilikuwa inateleza tena. Verna Stallcup aliizuia kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akachomeka kipande cha mbao chini yake, upande wa dirisha, ambako nyumba ilikuwa imeinama. Siku za mwanzo alicheka kila kitu kilipobingirika: viazi, mayai, kopo la dawa za Odell, mumewe. Baadaye alikasirika. Sasa hacheki wala hakasiriki. Anaweka mbao tu, jiko linaendelea kuwaka.

Nyumba yao, tela refu la kuishi, ilikuwa imesimama juu ya magurudumu yake katika uwanja wa kinu cha pamba, kati ya mizani ya malori na lundo la matairi mabovu. Umeme ulikuja kwa waya mrefu kutoka ofisi ya kinu, nao ulitosha mashine ya hewa ya kupumulia ya Odell na taa moja. Friji ilikuwa imezimwa, imegeuka kabati la viatu. Maji Verna aliyachota kwa ndoo kwenye bomba la kuoshea malori. Kwa haja walikwenda choo cha wafanyakazi, na Odell, ambaye mapafu yake yaliliwa na vumbi la kinu hichohicho, alikwenda akijishikiza bampa moja ya lori hadi nyingine.

"Gaylon amepita," Odell alisema kutoka kitandani. Gaylon ni binamu yake, mwenye lori la kuvutia nyumba. "Anasema meneja anataka tutoke kabla pamba haijaanza kuingia."

"Najua."

"Na pamba imeshapasuka, mama. Naiona dirishani."

"Najua, Odell. Kula."

Alikula kidogo, akapumua, akala tena. Verna alisimama karibu na sufuria, maana mbao nazo huteleza.

Huku kwetu Pinder, katika ile kona ya Missouri inayootesha pamba, nchi nzima ilikuwa kinamasi kabla mababu hawajachimba mitaro. Ardhi ni bapa kama meza. Maji hayajui pa kwenda mpaka yaelekezwe, na anayeyaelekeza ni Bodi ya Mitaro. Meya tunaye, lakini meya ni wa kupiga naye picha. Tena Bodi ya Mitaro haichaguliwi na watu, inachaguliwa na ardhi: ekari moja, kura moja. Royce Tidwell, mjumbe wake, peke yake ana kura nyingi kuliko mtaa mzima wa nyuma ya reli. Verna na Odell wana robo ekari kando ya mtaro. Mwaka mmoja Verna alikwenda kupiga kura, na mzee aliyekuwa akigawa karatasi akamwuliza mbele ya watu, "Dada Verna, nikukatie robo yako kwa mkasi?" Ukumbi ulicheka, na Verna alicheka nao. Hakurudi tena.

Ni Royce huyo aliyekuja kwao majira ya kuchipua, kofia mkononi. Alikaa kwenye ngazi za zege ambazo Odell alizijenga zamani mbele ya mlango, alipokuwa bado na pumzi ya kubeba mfuko wa saruji. Verna alimpa chai baridi yenye sukari na kipande cha pai ya pekani. Alikula, akasifu, akajifuta vidole.

"Dada Verna, tunauchimba mtaro upya. Mwaka huu maji yalifika wapi hapa kwako?"

"Ngazi ya pili."

"Unaona! Hayo si maisha. Tukishauchimba, kiwanja hiki hakizami tena. Utapanda hata waridi. Ila katapila lazima lipite hapa mlipo."

"Na nyumba?"

"Si bado mna magurudumu?"

"Tunayo," Odell alisema kwa majivuno, maana aliyatunza miaka yote, akiyapaka grisi chini ya nyumba kila masika. Wengine mtaani waliyauza zamani.

"Basi isogezeni wiki chache. Nitasema na watu wa kinu wawape nafasi uwanjani. Katapila likimaliza, mnarudi palepale."

"Palepale?" Verna aliuliza.

"Palepale. Mna neno langu."

Akanyoosha mkono, Odell akaushika. Kwetu mtu akishakupa mkono, kumwambia akuandikie ni kumwita mwizi, na Royce ni mzee wa kanisa, hupitisha sahani ya sadaka katika safu yao kila Jumapili. Verna lilimjia wazo la karatasi. Aliona haya kwa kuliwaza, akamwongezea chai.

Ng'ambo ya barabara aliishi Faye Burcham, mjane mwenye ulimi, katika tela kuukuu kuliko la kwao. Yeye magurudumu aliyauza siku nyingi. Odell alizoea kumtania, "Siku ya gharika, Faye, sisi tutakuwa tunakupungia mkono barabarani." Royce alipokwenda kwake na kofia mkononi, Faye alimwambia nyumba yake haiendi kokote, akitaka aibebe kichwani. Basi katapila lilimzunguka. Lilipinda kidogo pale kwenye ua wake, likaendelea na kazi. Ilikuwa rahisi hivyo.

Mtaro ulipokwisha, Gaylon alifunga nyumba nyuma ya lori lake na kuivuta kuelekea kiwanjani. Hawakufika. Binti wa ofisi ya ujenzi ya mji aliwasimamisha penye kona, mwenyewe akiwa na haya, akawaambia sheria ya mji haipokei tena nyumba za magurudumu nje ya maegesho yake maalumu. Zile zilizokuwapo zamani zimeachwa zilipo, mradi zisisogee. Ya Stallcup ilisogea. Na maegesho yenyewe hayachukui tela lililozeeka. Gaylon aligeuza lori, akairudisha kinuni, akaiegesha haraka haraka pasipo kuisawazisha, kwa kuwa ilikuwa ya siku mbili tatu tu mpaka Bodi ya Mipango ikae kusikiliza ombi lao la kurudi.

Bodi ya Mipango ilikaa mwisho wa kiangazi, katika chumba cha mikutano cha halmashauri. Kwanza walisali. Kisha wote walisimama, mkono kifuani, wakaitazama bendera. Mwenyekiti, Bi Maxine Gower, anayepiga piano kanisani, aliweka mezani saa ya jikoni ya kupimia dakika, yenye umbo la kuku, akaeleza kwa upole kwamba kila mwananchi ana dakika tatu.

Kabla hajaigeuza, Royce Tidwell alinyanyuka. Yeye ni mjumbe wa bodi hiyo pia.

"Mwenyekiti, shamba langu linapakana na kiwanja hiki. Ili haki ionekane, najitoa katika shauri hili."

"Tunakushukuru kwa uungwana wako, Ndugu Royce."

Alichukua kofia yake. Alipopita kwenye kiti cha Verna alimgusa bega, akatoka. Mlango una kioo, na nje ya kioo kuna meza ya kahawa.

Kuku aligeuzwa, akaanza kulia tik-tik.

Verna alikuwa amejipanga tangu asubuhi, akisema peke yake huku akiosha vyombo kwa maji ya ndoo. Alisimama. "Sisi hatukutaka kuhama," alisema. "Ndugu Royce ndiye aliyekuja, akasema tupishe katapila, likimaliza turudi palepale. Alimpa Odell mkono."

Wakili wa mji, kijana aliyevaa tai iliyokaza, aliinua kalamu. "Samahani, mama. Mjumbe aliyejitoa hawezi kuulizwa katika shauri alilojitoa."

"Lakini yuko pale."

Wote walitazama. Royce alikuwa anakoroga kahawa yake, mgongo kwao.

"Hayupo chumbani, mama," wakili alisema.

"Mwiteni basi."

"Akiingia tutakuwa tumevunja taratibu. Amejitoa kwa faida yako wewe."

Verna alifikiri juu ya hilo. Kuku alikuwa anaendelea. "Lakini ninyi ndio mliotuhamisha," alisema.

"Hapana, dada," Maxine alisema kwa huruma. "Kama ni hivyo, ni Bodi ya Mitaro. Sisi ni Bodi ya Mipango."

"Si watu walewale? Royce yumo kule. Na Ndugu Clete hapo mezani, yumo kule."

Ndugu Clete alitazama vidole vyake.

"Ni bodi mbili tofauti," wakili alisema. "Mama, elewa. Nyumba ilikuwa na ruhusa kwa sababu ilikuwapo. Ilipotoka, ruhusa ilitoka nayo. Kiwanja bado ni chenu, hakuna anayekigusa. Mkitaka kujenga nyumba ya kudumu, yenye msingi, mlango uko wazi."

"Ile si ya kudumu? Binti yetu alizaliwa humo, ana miaka arobaini sasa."

"Ina magurudumu, mama."

"Mngeniambia nikiyasogeza nimekwisha, nisingeyasogeza."

Hapo kuku alilia. Maxine alimnyamazisha haraka, kwa aibu ya kweli. "Pole sana, Verna," alisema. "Mikono yetu imefungwa."

Verna alikuwa na maneno mengine. Alikuwa hajasema kuhusu mapafu ya Odell, wala ndoo, wala pamba inayokuja. Lakini muda ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wanamtazama, naye alilelewa vizuri. Akawashukuru. Akakaa. Mikono iliinuka mezani, yote pamoja, ile iliyofungwa, na shauri lililofuata lilikuwa njia ya maandamano ya Krismasi.

Nje, Royce alimgeukia. "Imekwendaje, Dada Verna?"

"Wamekataa."

"Aa." Alitikisa kichwa taratibu. "Sikutarajia hilo. Mungu anajua sikutarajia."

"Ungewaambia, Ndugu Royce."

"Ningependa. Lakini ningeingia pale na shamba langu mpakani, watu wangesema nini? Mtu lazima awe safi." Alimmiminia kahawa katika kikombe cha karatasi, akatia sukari bila kuuliza, akampa. "Shika. Umechoka. Tutawaweka katika maombi, wewe na Odell."

Verna alikipokea kikombe. Alitaka kukimwaga sakafuni na hakukimwaga. Alikinywa chote akiwa amesimama pale, na hakujua kama ni kichungu au kitamu, kisha akatafuta pipa la takataka na kukitia humo.

Pamba iliingia. Malori yalipanga foleni hadi barabara kuu, na siku hiyo hiyo Gaylon alikuja na lori lake, macho mekundu.

"Shemeji, naivuta mpaka wapi?"

"Wewe unajua wapi."

Gaylon alijua. Kuna mtu njia ya Kennett hununua bati na aluminiamu chakavu. Hakumchukulia Verna nauli, na alipoondoka aliendesha polepole, akikwepa mashimo, kama mtu anayehofia vyombo vya kabatini kuvunjika. Kabati lilikuwa tupu.

Binti yao alimchukua Odell, akamlaza kwenye kochi la sebule yake huko Jonesboro, mashine ya hewa pembeni. Kochi la pili halikuwapo. Verna alikuwa na kazi yake katika jiko la shule, basi Faye akampa chumba cha nyuma.

"Nilikwambia uuze magurudumu," Faye alisema usiku wa kwanza, akimtandikia shuka.

"Ulisema."

"Odell akanicheka."

"Ndiyo. Alikucheka."

Faye alilikunja blanketi vibaya, akalikunja tena. Kisha akaondoka akilia, maana ulimi wake ni mkali lakini moyo wake si wa jiwe. Verna hakulia. Alilala akisikiliza friji ya mwenziwe ikinguruma, sauti aliyokuwa ameisahau.

Mvua kubwa ilikuja mwezi wa Novemba. Ilinyesha usiku kucha kama ile ya zamani, ile iliyowafanya wapandishe viatu na redio juu ya meza. Kulipopambazuka Verna alivaa buti, akavuka barabara.

Mtaro ulikuwa umejaa maji ya kahawia, yanakwenda kwa kasi, yananyooka kuelekea kusini yakiwa na adabu yote. Kiwanja kilikuwa kikavu. Si kikavu cha kusema kimelowa kidogo: mvua ilikuwa imeteremka yote mtaroni, nyasi zilisimama wima. Katikati kulikuwa na ule mstatili usioota kitu, mahali pa nyumba, na mbele yake ngazi tatu za Odell, zimepanda, zimeishia hewani.

Gari la Royce lilipunguza mwendo, kioo kikashuka. Alikuwa anakagua mitaro, uso unang'aa.

"Unaona, Dada Verna? Nilisema nini? Hata tone!"

"Kweli, Ndugu Royce. Hata tone."

"Mtu ukiahidi, timiza. Msalimie Odell."

"Zitafika."

Gari likaenda zake. Verna alizipanda ngazi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Juu kabisa alifuta buti, mguu wa kushoto na wa kulia, kwenye ukingo wa zege uliolika kwa miaka ya kufutwa viatu. Hazikuwa na tope. Alizifuta hata hivyo, akabaki amesimama pale juu, kama mtu aliyepiga hodi na anasikiliza kama wenyewe wapo.