Mafuta ya Mzazi Mmoja

Dereva alikuwa amekula yamini kwamba ule waya wa kuchajia gari hataushika. Maisha yake yote aliendesha malori, na gari la kuchomekwa ukutani kama pasi aliliona kichekesho. Mkewe, mkunga anayewatembelea wazazi majumbani, aliuza kiwanja chake akaliacha gari lake la petroli, akanunua haibridi: chaji ya nyumbani inamzungusha mji mzima, ikiisha petroli inashika zamu. Kiwanja alirithi kwa mama yake, lakini Dereva alishakijengea vyumba vya kupangisha kichwani mwake, mpaka na mabati.

"Hesabu haidanganyi," alimwambia. "Mafuta unayookoa hayatarudisha bei ya hili gari hata tukizeeka mara mbili."

"Nimekusikia, mume wangu. Hebu tulijaribu mwaka mmoja, basi."

Mwaka ukaisha, bei haikurudi hata robo, na mkunga, mtu wa neno lake, akakubali liuzwe. Jumamosi hiyo mnunuzi alikuwa njiani. Hodi ikabishwa, lakini aliyeingia alikuwa mhudumu wa kituo cha mafuta, kofia mkononi, uso umemshuka.

"Pole sana, mzee. Tumechelewa kupata habari."

"Habari za nini?"

"Za marehemu mama mkunga. Mteja wa kila siku kupotea mwaka mzima, tukajua tu."

Hapo marehemu akatokea jikoni akijifuta mikono, akamuuliza mgeni kama atakunywa chai. Mhudumu alishika ukuta. Dereva alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Mhudumu alipopata pumzi, furaha ikamlegeza ulimi. "Mama, tumekukosa. Sasa nimuulize nani, leo wazazi wangapi?"

"Wazazi wangapi ndiyo nini?" Dereva akauliza.

"Kipimo chake, mzee. Akisema wawili, namwekea mafuta ya kufika kwa wazazi wawili. Mwezi ukiwa kwenye kona, hela zimekata, anasema mmoja tu."

Dereva akamgeukia mkewe. "Na wengine siku hiyo?"

"Walisubiri," mkunga alisema. "Nilikuwa namchagua mwenye homa."

Miaka yote hiyo walilala kitanda kimoja na hakulijua hilo. Dereva alijivunia mkewe kuliko siku aliyomuoa, na papo hapo akaona haya. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila wale waliosubiri hakuwahi kuwatia ndani.

Akampigia mnunuzi simu. "Geuza, ndugu yangu. Haliuzwi tena, unisamehe."

Kisha akatoka uani, akauchukua waya, akauchomeka kichwa chini miguu juu, akautoa, akajaribu tena. Mkewe alisimama mlangoni akimtazama, wala hakumsaidia. Mwishowe taa ya kijani ikawaka.

"Leo wazazi wangapi?" Dereva aliuliza, bado kampa mgongo.

"Wote," alisema mkunga.