Amina Kabla ya Kusikia

…na hapo atanyanyua mkono kidogo, si sana, asije akaonekana anajionyesha, atasema wapendwa, mimi kazi yangu ni dobi, nafua mashuka ya hospitali, lakini Mungu nimemweka katikati ya beseni, hapana, beseni litawachekesha, aseme katikati ya kazi, mchungaji mwenyewe ndiye aliyelitumia neno hilo Jumapili iliyopita, imani isikae pembeni kama mwavuli unaosubiri mvua, ikae katikati ya siku yako, halafu akamtazama yeye mbele ya kanisa zima, akasema tunaye mama mmoja hapa, Jumapili ijayo atasimama atushuhudie, na shuka likavutwa, likanyooka, na mbele yake mwenzake akatamka maneno mawili kama kawaida, na yeye akajibu kama kawaida, Amina, Mungu ni mwema, akapiga hatua moja mbele ili ncha zikutane, na mwenzake hakuja.

Hakuja. Miaka sita wanakunja mashuka pamoja katika chumba hiki cha kufulia, mashine nne upande huu, meza ndefu upande ule, mvuke mpaka darini, na katika miaka hiyo sita hajawahi kutokuja, maana shuka kubwa ni kazi ya watu wawili na lina utaratibu wake, kila mmoja anashika ncha mbili, mnakung'uta, mnavuta mpaka linyooke, halafu mmoja anaita, mwingine anajibu, wote mnatembea mkutane kati, na mwito wenyewe ni yeye aliyeuleta, zamani walikuwa wanasema haya njoo, kama watu wanaoita kuku, akasema kwa nini tupoteze pumzi bure, basi mwenye zamu anasema Bwana asifiwe, mwenzake anajibu Amina, mnakwenda, mashuka mia mbili kwa siku, Amina mia mbili, na hilo pia alikuwa ameliweka kwenye ushuhuda, mia mbili ingewafanya watu wageuke watazamane… na kwenye shuka hili ilikuwa zamu ya Mkimya kuita, wanamwita Mkimya kwa sababu anaweza kumaliza wiki bila hata kuomba kuazimwa chumvi, na Mkimya alifungua mdomo akasema, alisema nini, yalikuwa maneno mawili, urefu wake uleule, lakini hayakuwa Bwana asifiwe.

Mama amepumzika. Ndiyo, hayo. Yanamfikia sasa, yamechelewa, mama kwanza, halafu amepumzika, na yeye ameshika ncha mbili za shuka na hajui kama ndiye anayelishika au ndilo linalomshika, mama wa Mkimya amekufa, Mkimya amemwambia kwamba mama yake amekufa, na yeye amesema Amina, akaona haitoshi, akaongeza Mungu ni mwema, kwa sauti ile ya furaha, sauti ya mashuka mia mbili, na shuka limelegea katikati kwa ile hatua moja aliyopiga, limetengeneza tumbo, karibu liguse sakafu, na Mkimya amesimama upande wa pili, hajalia, hajakunja uso, anamtazama tu, macho mekundu ambayo yeye aliyaona asubuhi walipokuwa wanafunga aproni, aliyaona, akajiambia ni sabuni… Anatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini sakafu ni ya saruji na ilipigwa deki asubuhi hii, haitapasuka. Aseme nini? Pole. Sasa hivi aseme pole, mara moja, kabla… kabla ya nini, amekwisha kusema Amina, huwezi kuanza na Amina ukamalizia na pole, sala yenyewe haiendi hivyo… lakini ngoja, ngoja kwanza, amepumzika, neno hili lina njia mbili, mgonjwa akipata nafuu si tunasema amepumzika, alikuwa na maumivu usiku kucha, alfajiri akapumzika, akalala, mtu yeyote angeelewa hivyo, na ukiambiwa hivyo unajibu nini kama si Amina, Mungu ni mwema, basi hilo hapo, hilo ndilo atakalosema, jamani dada yangu, mimi nilidhani mama amepata nafuu, na Mkimya ataamini, Mkimya anaamini kila kitu, na wote wawili watalia na mambo yataisha, Asante Bwana kwa kunifungulia njia, na neno hilo asante Bwana likampiga usoni, kwa sababu alikuwa anamshukuru Mungu kwa kumpa uongo.

Hakudhani chochote, huo ndio ukweli. Hakudhani nafuu wala kifo, hakuwepo, alikuwa kanisani, Jumapili ambayo haijafika, amenyanyua mkono kidogo, anaeleza watu jinsi anavyomweka Mungu katikati ya kazi, na mdomo wake alikuwa ameuacha hapa nyuma ujibu peke yake, na mdomo ukajibu, umezoea… "Mama Haleluya, wodi ya watoto wanauliza mashuka yao," ni sauti ya msimamizi huko kwenye korido, ndiyo kafika, anaita huku anatafuta funguo kama kila siku, na mdomo umeshaanza, Am… ameuuma, ameuma ulimi kabisa, uchungu mpaka masikioni, hata kwa mashuka ya wodi ya watoto ulitaka kusema Amina, mdomo huu, na mara ngapi wamemcheka kwa hilo naye akacheka nao, siku ile waliposema Mama Haleluya, mashine namba mbili imekufa, akajibu Amina, chumba kizima kikaangua kicheko, fundi akasema mama unaizika au unaifufua, na yeye alijisikia vizuri, alijisikia kama mtu ambaye Roho amemjaa mpaka anamwagika, kumbe… binti yake hakucheka. Binti yake alipiga simu mwaka jana, ndoa yake ilikuwa inayumba, akaanza kueleza, na yeye palepale akamkatiza, tuombe mwanangu, akaomba dakika ishirini, akakemea, akafunga na kufungua, na mwisho binti akasema, taratibu, "Mama, usiniombee kwanza. Nisikilize kwanza." Akaumia. Akasema moyoni hilo ni pepo la kiburi, akaliombea hilo nalo, na binti tangu siku hiyo anapiga simu kusalimia, hali ya hewa, wajukuu hawajambo, nyumbani kwema, basi, na yeye huwa anasema sala zangu zimejibiwa, ndoa imetulia… hajui kama imetulia. Hakuuliza. Mungu wangu, hajui hata kama binti bado anaishi na yule mwanamume.

Shuka bado limelegea. Mkimya bado ameshika ncha zake. Sheria ya kazi hii ni moja, huachii ncha, ukiachia shuka linaanguka chini, likianguka linarudi kwenye mashine, na Mkimya hajaachia, kafiwa na mama yake na hajaachia, na kwa nini yuko kazini, mtu kafiwa anakunja mashuka ya nini, atakuwa amekuja kuomba ruhusa, hakumkuta msimamizi, akaona asikae bure, ndivyo alivyo, atakuwa amesimama pale mlangoni anatafuta wa kumwambia, na kati ya watu wote akamchagua yeye, akasubiri zamu yake ya kuita, maana ndiyo nafasi pekee katika chumba hiki ambapo Mkimya hulazimika kusema kitu, akayaweka maneno yake hapo, penye Bwana asifiwe, akijua kwamba mwenzake hapo huwa anasikiliza… Wiki tatu mama yule amelala wodi ya juu, juu ya hiki chumba hasa, ngazi kumi na sita, anazijua, anazipanda kila siku na kikapu cha mashuka, kila siku anapita mlango wa wodi ile, na mara chache Mkimya aliposema mama hakulala vizuri, yeye alisema tunamwombea, nitapita nimwone, na hakupita, siku moja tu alichungulia, akaona kitanda cha dirishani, nywele nyeupe, mkono umening'inia nje ya shuka, shuka alilolikunja yeye, akasema atarudi akiwa na nafasi ya kuomba vizuri, sala ya kweli si ya haraka haraka, akashuka. Tunamwombea. Nani alimwombea? Daftari la maombi lipo kwenye mkoba pale kwenye msumari, lina jalada la plastiki, analipitia kila alfajiri, majina kwa mistari, na mstari wa kumi na kitu umeandikwa mama wa Mkimya, mgonjwa, basi, mama wa Mkimya, na kidole kinapita, kinateleza mpaka chini, Amina… alikuwa anaitwa nani? Wiki tatu anampeleka mbele za Mungu mtu asiyemjua hata jina. Baridi imempanda mgongoni na chumba kina joto la kuivisha maandazi.

Omba, jikaze kisabuni uombe, hapo ndipo mtu wa Mungu anapoonekana, Baba katika… Bwana wa… na yanakuja yote, yanakuja kwa foleni, maneno yake yote mazuri, yamepigwa pasi, moja juu ya jingine, na hakuna hata moja lenye mtu ndani, ni mashuka matupu, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe anaogopa, anaogopa hasa, si kuogopa kuadhibiwa, anaogopa kwamba labda miaka yote hii katikati hakukuwa na kitu, kulikuwa na kelele tu, na Mungu alikuwa pembeni pale anasubiri anyamaze… halafu chungwa. Kwa nini chungwa? Harufu yake kabisa, humu ndani mwa mvuke na sabuni. Benchi la korido ya juu, miaka sita iliyopita, mume wake ndani ya mlango ule wa kioo, na yeye benchini hana sala, alijaribu ikakataa, na akina mama wa kanisa walikuja wakaimba, wakasema Mungu ni mwema, ndiyo, wao walisema hivyohivyo, na yeye akawachukia, alikuwa amesahau kwamba aliwachukia, walipoondoka akaja huyu Mkimya, alikuwa mgeni kazini, hata hawajazoeana, akakaa pembeni yake bila salamu, akatoa chungwa mfukoni mwa aproni, akalimenya, akampa kipande, akangoja atafune, akampa kingine, mpaka likaisha, akafuta mikono kwenye aproni, akabaki amekaa, na waliendelea kukaa mpaka daktari akatoka na uso ule. Na Mkimya akamshika kiwiko. Yeye baadaye aliwasimulia watu kwamba siku ile Mungu alimwacha benchini peke yake, akamjaribu, akashinda, alisimulia hivyo hata madhabahuni, na lile chungwa hakulitaja, chungwa lina ushuhuda gani… hakuwa peke yake. Alikuwa analishwa. Alikuwa analishwa kipande kwa kipande na hakujua ni nani aliyemtuma yule mwanamke na chungwa lake.

Machozi sasa yanataka kuja na hataki yaje, yakija Mkimya ndiye atakayeanza kumbembeleza, na itakuwa tena ni zamu yake yeye, Mama Haleluya, hata kwenye msiba wa mwenzake, hapana, yarudi ndani. Anatazama lile tumbo la shuka. Katikati ya shuka hakuna mkono wa mtu, hajawahi kuliona hilo, huwezi kulishika katikati, ukilishika katikati umelikunja ovyo, katikati panasimama tu kama huyu kavuta huku na yule kavuta kule… akarudi nyuma ile hatua moja. Taratibu. Shuka likapanda, likanyooka, likawa kama lilivyokuwa kabla hajafungua mdomo, na Mkimya upande wa pili naye akavuta kidogo, mikono yenyewe ilijivutia tu, kazi ya miaka sita. Nilidhani amepata nafuu, lile neno bado lipo, limekaa kwenye ncha ya ulimi palepale alipojiuma, ni uongo laini, haumuumizi mtu, na Jumapili ipo, mchungaji ameshatangaza. Akalimeza. Likashuka na mate ya damu.

"Dada," akasema, na sauti haikuwa ile ya mia mbili, ilitoka nyembamba, hakuitambua. "Sikukusikia. Ulikuwa unaniambia na mimi sikuwa nasikiliza. Nilijibu tu."

Mashine ya kukausha ilizunguka, kifungo cha nguo fulani kikagonga, kikagonga tena.

"Niambie tena."

"Mama amepumzika," akasema Mkimya. "Alfajiri. Nilikuwa nimemshika."

Na mdomo ukataka. Ukataka kwa nguvu zake zote, Amina ilikuja mpaka kwenye meno, na nyuma yake kulikuwa na pole, na Bwana akutie nguvu, na yuko mahali pema, zote zimejipanga, zinasukumana, akazifungia ndani, akazisikia zikigonga mpaka zikachoka, na penye zile kelele pakabaki kimya ambacho hakukijua, kimya kikubwa, chenye mtu ndani yake, akaogopa, akasimama nacho.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza. "Mama. Jina lake."

Uso wa Mkimya ukavunjika hapo, ule uso ambao haukuvunjika kwa Amina. Akavuta pumzi. Hajaachia ncha, wala yeye hajaachia, shuka jeupe limenyooka kati yao, na kwenye korido msimamizi anauliza tena habari za wodi ya watoto, na Mama Haleluya hakumjibu, alifunga mdomo wake, akasikiliza.