Fundi Aliyerudi Pamoja na Tovuti

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatano, mabibi harusi wote arobaini na wawili waliokuwa kwenye tovuti ya duka la magauni walitoweka, na mahali pao pakatokea tangazo la dawa ya kuotesha ndevu. Mwenye duka, ambaye kila mtu alimwita Bosi, hata mkewe, aliifuta simu kwa ncha ya tai, akatazama tena. Ndevu zilikuwa palepale. Akampigia Mama Akiba.

Mama Akiba alikuwa na ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la viatu. Kazi yake ilikuwa kulinda tovuti za wafanyabiashara: kuziba mianya, kubadilisha maneno ya siri, na kila Ijumaa saa kumi kuchukua nakala ya kila tovuti na kuihifadhi kwenye visanduku vyeusi, vidogo kama kipande cha sabuni, kila kimoja na tarehe yake. Alikuwa mtu wa akiba tangu utotoni. Mkobani alibeba miavuli miwili, na funguo za nyumba yake zilikuwa kwa majirani watatu wasiosemezana.

Alifika, akavua viatu kwa sababu ya vitambaa vyeupe vilivyotandazwa sakafuni, akakaa mbele ya kompyuta.

"Wadukuzi hawa hawakuingia leo," alisema. "Wamejificha humu tangu Juni. Nakala zote za Juni na Julai zina mdudu. Iliyo safi ni ya Mei, Ijumaa ya pili."

"Rudisha hiyohiyo," Bosi alisema.

Akairudisha. Mstari wa kijani ulitambaa hadi mwisho wa kioo, mabibi harusi wakarejea mmoja mmoja, na kwenye ukurasa wa Watu Wetu ikarejea picha ya fundi wa magauni, tepu shingoni, penseli kwenye nywele. Fundi huyo Bosi alikuwa amemfukuza wiki tatu kabla. Haikupita dakika akatoka nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia, tepu shingoni, penseli kwenye nywele, pini nne mdomoni.

"Nani amesogeza mashine yangu?" aliuliza bila kuzitema.

"Ilikuwa inaziba mlango," Bosi alisema.

Fundi aliirudisha dirishani, akashika shavu, akaketi kushona. Mwezi wa Mei jino lake la mwisho lilikuwa likimsumbua.

Kisa cha kufukuzwa kwake kilikuwa kifupi. Magauni ya duka lile yalijulikana kwa kitu kimoja tu, mkono. Ulianzia begani bila makuu, ukashuka, halafu kwenye kiwiko ukajaa hewa kama shavu la mtu anayepuliza moto. Washonaji wa maduka mengine walinunua gauni, wakalifumua, wakashindwa kulirudisha. Fundi aliubuni mkono huo mwenyewe, mezani kwake, kwa gazeti na gundi. Mwezi wa Juni aliomba jina lake liandikwe chini ya picha za magauni, kwa herufi ndogo, hata za kijivu. Bosi alimwambia mteja ananunua gauni, hanunui historia. Alipoomba mara ya pili, mwezi wa Julai, alifukuzwa, na picha yake iliondolewa ikawekwa ya mkwe wa Bosi, bwana aliyemwoa binti yake wa pekee na aliyekuwa akitafutiwa cheo. Alikuwa amevaa suti na kukunja mikono, na chini yake pameandikwa: Mbunifu Mkuu. Mkwe hakujua kutunga uzi kwenye sindano, lakini kwenye picha alipendeza.

Siku ileile Bosi aliiondoa tena picha ya fundi na kumrudisha mkwe. Fundi mwenyewe hakuondoka, kwa kuwa alikuwa katikati ya pindo.

Saa kumi na moja na nusu alikwenda nyumbani, akafungua mlango kwa ufunguo wake. Sakafuni alikuwa ameketi yeye mwenyewe, akikunja pindo za mapazia aliyopewa kushona na zahanati.

"Umetoka kazini?" aliuliza wa sakafuni.

"Nimetoka. Na wewe?"

"Mimi nilifukuzwa."

"Lini?"

"Julai."

"Ah," alisema wa mlangoni. "Mimi bado."

"Jino vipi?"

"Linaniua."

"Liling'olewa, hata hukusikia. Ila usiende kwa yule daktari wa kwanza. Nenda kwa yule mwanamke wa ghorofani."

Katika nyumba hiyo aliishi pia mama mkubwa wao, dada wa marehemu mama yao, aliyekuwa akipika na kusimamia mambo yote. Aliongeza sahani moja mezani. Alisema nyumba yenye watu wanaofanana haina tabu: unasalimu mara moja, unagombeza mara moja.

Mama Akiba alitaka kufunga tovuti vizuri, kwa neno la siri refu na kufuli mbili. Bosi alimkataza. Alikuwa amemtazama fundi wa Mei akimaliza magauni mawili kwa siku moja, na msimu wa harusi ulikuwa unabisha hodi. Aliandika neno la siri, harusi123, kwenye karatasi kubwa, akaibandika dirishani ikitazama barabarani. Wadukuzi waliingia siku ya sita. Safari hii mabibi harusi waligeuka kuwa tangazo la matairi. Bosi alimpigia Mama Akiba huku akipiga mluzi.

"Nirudishe ileile ya Mei?"

"Hapana, yule ana jino. Nitafutie Ijumaa aliyokuwa mzima."

Mkataba ulimruhusu mteja kuchagua tarehe. Mama Akiba alifungua kisanduku cha mwisho wa Mei, na nyuma ya pazia akatoka fundi mwenye mafua. Bosi alikunja uso, kisha akaona mafua ni afadhali.

Nyumbani waliitana Jino na Mafua. Yule wa kwanza waliyemkuta sakafuni walimwita Dada Mkubwa, kwa kuwa aliwazidi wiki kumi hivi. Jumamosi Dada Mkubwa naye alichana nywele, akachomeka penseli, akafuatana nao dukani. Bosi aliwahesabu watatu. Hakujua yupi ndiye aliyemfukuza, na kuuliza kungekuwa aibu, basi akawaonyesha kitambaa kilipo.

Hapo duka likachangamka kupita kiasi. Mmoja alishona mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, na hakuna jicho lililoona tofauti. Mmoja alinyoosha kiganja bila kugeuka na mkasi ukatua juu yake. Walicheka kabla kichekesho hakijaisha, kwa maana wote walijua kinakoelekea. Mafua akipiga chafya shela zilipaa hadi kwenye feni, na watatu walizikimbilia kwa mwendo mmoja kama wachezaji waliofunzwa. Mabibi harusi walipimwa na mikono sita kwa pamoja, wakatoka wanaona kizunguzungu na furaha.

"Ninyi ni mapacha?" mteja mmoja aliuliza.

"Hapana," Jino alisema. "Ni wiki tofauti."

Mteja akaridhika, akauliza kuhusu urefu wa mkia wa gauni.

Siku Mama Akiba alipokuja kukagua mianya, Dada Mkubwa alimsogezea kiti.

"Mama Akiba, unaweza kuandika jina letu chini ya picha?"

"Lina herufi ngapi?"

"Saba."

"Saba ni kidogo sana," Mama Akiba alisema, akaliandika chini ya magauni yote arobaini na mawili, kwa rangi ya kijivu. Watatu walisimama nyuma yake wakilisoma kwa sauti kila lilipotokea, mara arobaini na mbili, na kufikia la ishirini walikuwa wanaliimba.

Jina lilikaa siku nne. Siku ya tano mteja alilitaja mbele ya Bosi, akamwomba amwite mwenye jina hilo. Bosi angeweza kulifuta tu, akaishia hapo. Lakini maagizo yalikuwa yamejaa daftari mbili, na ilimpendeza kuua ndege wawili kwa jiwe moja.

"Nirudishie ya zamani," alimwambia Mama Akiba. "Zamani hasa, kabla hajaanza kuulizauliza."

"Ninayo ya Februari."

"Hiyo."

Fundi wa Februari alitoka nyuma ya pazia akiimba. Mwezi huo alikuwa amependana na fundi bomba, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba fundi bomba alikuwa na mke mji mwingine. Wenzake walimwita Bomba. Njiani kwenda nyumbani Jino alimweleza habari ya yule mke, ili aipate mapema, na Bomba alicheka sana akasema alishaanza kushuku, maana mwanamume yule alikuwa hodari mno wa kuosha vyombo. Wakaingia ndani wanne, wakishikana mabega. Bomba akachukua simu.

"Ngoja nimpigie mama. Alisema leo nimpigie, ana jambo la kuchekesha la kuniambia."

Wenzake waliacha kuvua viatu. Mama yao alifariki mwezi wa Aprili.

Mama mkubwa alitoka jikoni akifuta mikono, akaichukua ile simu polepole, akaiweka mezani kifudifudi. Alimkalisha Bomba mkekani, akamshika magoti.

"Mwanangu, mama yako ametutoka. Ilikuwa Aprili. Alilala mchana, hakuamka. Tulimzika vizuri, na wewe ulikuwepo, ulivaa kitenge kile cha kijani."

"Sikuwepo," Bomba alisema.

"Ulikuwepo, mwanangu. Bado tu hujafika."

Bomba alilia hadi taa zikawashwa. Jino alilala upande wake mmoja, Mafua upande wa pili. Dada Mkubwa aliosha vyombo, akavifuta, akaviosha tena.

Asubuhi walikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa moja, imegawanywa mara nne. Wakaenda kwa Mama Akiba, ghorofani kwake, wakajaza vyumba vyote viwili. Aliliandika jina upya. Juma lililofuata Bosi aliliona, akaagiza Januari.

Fundi wa Januari alitoka amevaa viatu vipya vyekundu alivyonunua mwaka mpya, na wenzake wakamwita Viatu. Aliwaonyesha dukani, akawaonyesha njiani, alikuwa mchangamfu kuliko wote, na alipofika mlangoni alimwonyesha mama mkubwa.

"Mama akiviona hivi atanisema!"

Mama mkubwa alivitazama viatu muda mrefu. Kisha akavuta kanga usoni.

"Mdogo wangu nimemzika mara mbili," alisema. "Ya tatu aseme mwingine."

Bomba ndiye aliyesema. Yeye mwenyewe alikuwa na siku nane tu tangu aambiwe, macho yake yangali yamevimba, lakini alisema palikuwa na mkeka na anajua pa kumkalisha mtu.

Siku ya tatu, walipokuwa wameacha kulia, mmoja alisema viatu vile si vibaya. Mwenyewe akavivua. Vilizunguka jozi tano za miguu, vikaenea zote tano, na hapo mama mkubwa alicheka mpaka akaomba maji.

Ijumaa hiyo walikwenda tena kwa Mama Akiba.

"Nimeshafungua ukurasa," alisema. "Niliandike?"

"Usiandike," Dada Mkubwa alisema. "Ukiliandika, atarudisha mwingine. Na huyo naye atataka kumpigia mama."

Mama Akiba aliondoa mikono kwenye kompyuta.

"Yeye mwenyewe je?" Viatu aliuliza. "Huwezi kumrudisha?"

"Alikuwa kwenye tovuti?"

"Alikuja dukani mara moja. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja."

"Mlipiga picha?"

"Hakupenda picha."

Mama Akiba alipanga visanduku vyake ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. "Mimi narudisha kilichokuwepo," alisema. "Jina lenu pia lilikaa siku nne, halafu saba. Siku hizo ninazo. Haki haijawahi kuwepo hata Ijumaa moja, nitaitoa wapi?"

Alichoweza ni kufunga tovuti. Aliweka neno la siri la herufi arobaini, akaweka kufuli juu ya kufuli, na wadukuzi hawakuingia tena. Bosi hakulalamika. Alikuwa na mafundi watano, na meza hazikutosha zaidi ya hapo.

Mwezi wa Novemba palikuwa na maonyesho ya mavazi katika ukumbi mkubwa. Wote watano walikwenda kubeba mkia wa gauni, wamevaa sare. Gauni lilipopita, watu walisimama kwenye viti ili waone mkono. Waamuzi walijadiliana kwa muda usiozidi kunywa chai, wakamtaja mshindi, na mkwe akapanda jukwaani akiwa na suti yake.

"Hebu tuibie siri, Mbunifu Mkuu," mshereheshaji alisema. "Huu mkono unasimamaje? Una marinda mangapi kwa ndani?"

Mkwe alifikiri kidogo.

"Mengi," alisema.

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi.

"Thelathini na moja," walisema wale watano kutoka nyuma, kwa pumzi moja, na kwa kuwa sauti yao ilikuwa moja, ilisikika kama ya mtu mmoja.

"Kuna dada pale nyuma anajua kuhesabu," mshereheshaji alisema, akamkabidhi mkwe kikombe cha ushindi.

Hawakungoja vinywaji. Saa tisa palikuwa na bibi harusi wa kupimwa. Walitoka kwa mlango wa pembeni, wakavuka barabara, na katikati ya barabara mmoja alikunja mikono kama mkwe kwenye picha, akasema, "Mengi." Wa pili akasema, "Mengi." Walipofika ng'ambo Jino alikuwa ameshikilia nguzo ya taa kwa kicheko, na wanne walimngoja.