Mtego wa Nalotuesha

Boma la Kimaasai lisilo na ng'ombe, tuseme ukweli, ni banda la kuku tu. Kila alfajiri Nalotuesha alitega sikio, asisikie kengele, asisikie ndama akimlilia mamaye, ila kikohozi chake mwenyewe. Mbung'o walikuwa wameua ng'ombe wengi bondeni. Waliosalia bomani mwake, Sankau, mwanawe wa pekee, aliwapandisha mlimani pamoja na mke na watoto. Mama aligoma kwenda.

"Yeyo, mama yangu," Sankau alimwambia siku ya kuondoka, "nitashuka na ng'ombe mmoja kabla ya mvua. Mbung'o wakimwacha, tunarudi sote. Wakimng'ang'ania, najenga huko huko juu, na tusilaumiane."

Basi wanawake wa bondeni wakashona mitego: kitambaa cha buluu, kitambaa cheusi, juu mfuko wa chandarua wa kunasia, chini chombo cha mkojo wa ng'ombe, maana harufu yake huwaita mbung'o. Bwana mifugo aligawa chupa za plastiki. Nalotuesha aliigeuza yake huku na huku, akaguna. Kitu cha ng'ombe kwenye plastiki? Labda kwa wengine. Alichagua kibuyu chake kizuri kuliko vyote, akaomba mkojo kwa Seleina, jirani aliyebakiwa na ng'ombe wawili, akautega mtego wake kwenye njia ya mtoni, pale pale Sankau atakapopita.

Mitego ya wenzake ikajaa. Wake, hola.

"Mwenzangu, wako wamesusa?" Seleina alimtania. "Au uliwatukana?"

"Nenda kahesabu wako, niache mie!" alijibu, kisha akaingia ndani akalia. Aliwataka wajukuu wake. Aliitaka hata ile harufu ya samadi mbichi iliyokuwa ikimkera zamani.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, Sankau alishuka na ng'ombe mwekundu. Kijana aliinamisha kichwa kumwamkia, mama akamgusa utosini, mkono ukikawia pale kupita desturi. Wakashika njia ya mtoni. Hawakufika mbali. Ng'ombe alianza kupiga mkia, akapiga kwato, akatingisha ngozi, na mbung'o walikuwa wamemganda tumboni.

"Umeona mwenyewe, Yeyo," Sankau alisema polepole.

"Mtego ni mbovu! Nipe muda, mwanangu, nakuomba."

Sankau aliwaua mbung'o kwa kiganja, akausogelea mtego. Kitambaa kizima, mfuko mzima, mkojo upo. Akakiinua kibuyu, akanusa. Akanusa tena.

"Yeyo. Hiki umekifukiza?"

"Sasa! Nitie kitu cha ng'ombe kwenye kibuyu kisichofukizwa? Nilifukiza kwa mzeituni wa porini, kama cha maziwa. Mimi nimelelewa!"

"Moshi, Yeyo! Si ndio tunaowafukuzia mbung'o?"

Nalotuesha alikaa chini vumbini. Kumbe ni yeye. Miezi yote ile alikuwa akiwaita na kuwafukuza kwa mkono ule ule. Sankau alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Kibuyu bado kilikuwa puani pake.

"Huko juu tunakamulia kwenye madumu," alisema. "Watoto hawaijui harufu hii ya kibuyu."

Aliumimina mkojo kwenye chupa ya plastiki aliyokuwa amebebea maji, akaiweka mtegoni. Kibuyu akakitia begani.

"Kinanuka mkojo hicho!" mama alisema. "Acha, nitakutengenezea kingine cha maziwa."

"Kwa maziwa gani, Yeyo?"

Sankau alimgeuza ng'ombe haraka, maana kila hatua pale ilikuwa hatari. Alipofika mbali kidogo alisimama.

"Nilitaka kukata miiba ya boma huko juu wiki hii," alisema kwa sauti. "Sikati. Nitashuka tena mvua zikipita."

Mama alimtazama mpaka vumbi la kwato likatulia, na moyo ulimuuma vibaya mno.

Kesho yake, jua likiwa kali, mbung'o mmoja alizunguka kitambaa cha buluu, akapanda, akanasa. Nalotuesha alimsogelea akihangaika ndani ya chandarua.

"Karibu," alimwambia huku machozi yakimtoka. "Waite na wenzako wote. Wajukuu wangu wanangoja."