Maji Yasiyomwagwa

Miguu ya Mbula ilikuwa imevimba hadi malapa yakakataa kuingia, na Kasyoka, mama mkwe wake, alipoiona asubuhi hiyo moyo ulimruka. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Nesi alishawaonya: presha ya Mbula iko juu, maji ya kisima yana chumvi, asiyaguse kabisa. Anywe ya mtambo tu.

Mtambo wenyewe ulikuwa uani, trei nyeusi iliyofunikwa kwa kioo. Jua lilipasha maji ya kisima, mvuke ukagonga kioo na kuchuruzika kwenye jerikeni ukiwa maji matamu. Ben, fundi kutoka Kikima, alimwambia Kasyoka afungue koki kila asubuhi amwage yanayobaki kwenye trei, ili chumvi isigande. Kumwaga maji! Hapa Kitui, mwezi wa tisa, katikati ya ukame, baada ya punda kutembea mwendo wa saa tatu kuyaleta kutoka kisimani? Kasyoka aliitikia vizuri, na Ben alipoondoka hakumwaga hata tone. Aliongezea mengine juu yake. Mtu mzima na akili zake, jamani.

Basi ukoko mweupe ukashika trei, mgumu kama wa sufuria ya ugali iliyosahaulika motoni, na jerikeni ikawa haipati hata vikombe viwili. Aibu ikamfunga mdomo. Wiki tatu sasa alikuwa akijazia jagi la Mbula kwa maji ya kisima.

Mbula, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasema kichwa kinampasuka na macho yanaona vimulimuli. Akanyoosha mkono kuchukua jagi. Kasyoka aliona kaburi, tena la watu wawili. Akampokonya.

"Usinywe. Ni ya kisima. Nimekuwa nikikuchanganyia."

Mbula hakushtuka. "Nilijua, mama. Nilionja chumvi siku ya kwanza. Sasa ningekuambiaje kwamba maji uliyonipa kwa mkono wako ni mabaya?"

Kasyoka alimpigia simu Mulei wa bodaboda, vidole vikikosea namba mara mbili, akamwambia aache yote aje awapeleke hospitali. Kisha, kwa kuwa hakujua mikono aiweke wapi, akaenda uani akafungua koki ya mtambo.

Maji mazito yalimwagika mchangani yote, hakuyatazama. Masikio yake yalikuwa barabarani, na kwenye pumzi za Mbula. Maji yakaisha, ukoko ukabaki pale pale, na pikipiki ilikuwa haijasikika bado.