Mwenyekiti Ampa Mpinzani Dakika Tano

Agustino Banzi, diwani wa Kinole, aliongoza baraza la madiwani la wilaya tangu mabaraza yaliporudishwa mwaka 1984. Kwa miaka kumi hakuna kikao kilichomshinda. Madiwani wakizozana, aligonga meza mara moja tu, nao wakatulia kama watoto wa shule ya misheni.

Kuomba kura ndiko asikokujua, maana siku zote alipita bila kupingwa. Vyama vingi vilipokuja, Mwanvita, mfanyabiashara wa pilipili manga, akajitokeza kugombea udiwani dhidi yake.

Mkutano wake wa kwanza wa kampeni Agustino aliufungua kwa kusoma ajenda. Alikuwa amefika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita aliposikia zogo. Mwanvita alikuwa anapita na mzigo wake kwenda gulioni, na wafuasi wa Agustino walikuwa wanamzomea.

Agustino akagonga meza. "Utaratibu. Bi Mwanvita, una hoja?"

"Shikamoo, mwenyekiti. Ninayo."

"Marahaba. Dakika tano."

Dadi, mpiga kampeni wake, alimvuta shati. "Mzee, huu ni mkutano wetu."

"Kaa chini, Dadi. Hujapewa nafasi."

Mwanvita akatua mzigo. Alisema siku hizi malori ya wanunuzi yanakuja kutoka Dar, lakini barabara mbovu inayakwamisha bondeni. Watu wanateremka mlimani na ndizi kichwani, na wakifika wamechoka, mnunuzi anajipangia bei. Alitaka kila kijiji kitoe siku moja kwa wiki kuchimba mitaro, halmashauri ilete kokoto. Dakika zikaisha. Agustino akamwongezea mbili, kwa sababu Mwanvita alikuwa hajamaliza habari ya daraja la bondeni.

"Hoja ina mashiko," akatamka, akafunga mkutano bila kukumbuka kuomba kura.

Alishindwa kwa kura kumi na tisa.

Nyumbani, mkewe Modesta alimpakulia magimbi bila kumtazama.

"Mama Elia, una neno."

"Kura yangu nilimpa Mwanvita."

"Wewe?"

"Si ulisema mwenyewe hoja ina mashiko, Baba Elia?"

Agustino akamega gimbi, akatafuna. Iliuma, tena sana. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi gimbi likampalia.

Wiki iliyofuata Mwanvita alikuja kuuliza hoja inavyowasilishwa halmashauri. Agustino alimfundisha siku tatu, akamkatiza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwaka uliofuata lori lilipanda mpaka Kinole, na Modesta akauza ndizi zake mlangoni, kwa bei aliyoitaja yeye.