Mafuta ya Kifunguamimba

Kila asubuhi, kabla ya kumlisha mama yake, fundi viatu alijipaka mafuta ya waridi ya marehemu dada yake: shingoni, nyuma ya masikio na viganjani, vile vile dada alivyozoea kujipaka. Ndipo aliposukuma mlango.

"Kifunguamimba wangu, umekuja?"

"Nimekuja, mama."

Mama akafungua kinywa, akala.

Fundi alikuwa binti kitindamimba; kifunguamimba alikuwa dada. Mama, ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu na kumbukumbu zinamponyoka, hakuwahi kuuliza kitindamimba wake yuko wapi.

Fundi hakuwa mtu wa miujiza. Mambo yalianza siku alipokuwa anapanga vitu vya marehemu, mafuta yakammwagikia. Mama, aliyekuwa amegoma kula na kumwita "huyo mtu wa gundi", siku hiyo alimaliza bakuli zima la uji. Basi fundi akafanya kama anavyofanya kwa kiatu kinachovuja, akakagua kipande kimoja kimoja. Alivaa gauni la dada bila mafuta. Mama akageukia ukutani. Aliiga sauti ya dada; mama akauliza ni nani huyo anayebana pua. Akaja na aproni yake ya kazini na sauti yake mwenyewe, ila amejipaka mafuta, mama akala. Muuguzi wa zahanati hakushangaa. Alieleza kwamba harufu ina njia fupi ya kufikia kumbukumbu na hisia, na kwamba wagonjwa wengi wa namna hiyo hupoteza pua mapema, ila huyu bado yake ipo.

Tangu hapo dirisha la chumba halikufunguliwa, maana mama alilalamika kuwa upepo unamchukua mwanawe. Fundi mwenyewe hakuisikia tena harufu ya mafuta yale. Pua huchoka na kitu kisichobadilika. Wateja ndio waliomkumbusha. "Fundi, leo unaolewa au unaoza?" walimtania, naye alicheka kicheko kifupi, kisha akashtuka kuwa kicheko hicho kilikuwa cha dada.

Kiwanda cha viatu cha mji mwingine kikamwita akasimamie chumba cha kukatia ngozi. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Kaka yake hakuzungusha maneno.

"Mama akila kwa mkono wa mke wangu, nenda na baraka zetu. Asipokula, kaa. Hatuwezi kumuua kwa njaa ili wewe ukakate ngozi."

"Atakula," alisema fundi. "Anakula kwa mafuta, si kwa mtu."

"Nimwagie chupa nzima, wifi," mke wa kaka akasema. "Nikinukia hivi labda hata kaka yako ataniona."

Jumamosi wifi akapakwa, akaingia na bakuli. Fundi alibaki kibandani pake uani akibandika soli kwa gundi, mlango wa chumba ukiwa wazi mbele yake.

"Kifunguamimba wangu, umekuja?"

"Nimekuja, mama."

Kinywa kikafunguka. Moyoni fundi alikuwa ameshafunga sanduku. Lakini mama aliukamata mkono uliobeba kijiko, akauvuta hadi puani, akanusa, akanusa tena.

"Mafuta ya mwanangu umeyatoa wapi?"

"Mama, ni mi—"

"Mwizi! Vua!"

"Mama jamani, mafuta hayavuliwi!"

Bakuli likaanguka. Mama alikuwa anapiga kelele na kurusha mikono, na fundi akakimbilia ndani kama alivyokuwa, hajajipaka chochote, vidole vimeganda gundi. Alikumbuka hilo mama alipokwisha kumkamata. Pua ilipita kwenye gundi bila kusimama, ikapanda mkono mpaka shingoni. Kelele zikakoma.

"Umechelewa," mama akasema. "Mwizi alitaka kunilisha."

"Mimi ni nani, mama?"

"Wangu."

"Yupi?"

"Wangu," mama akarudia kwa ukali, kama anayeulizwa rangi ya maziwa, akafungua kinywa.

Fundi aliliona kosa lake papo hapo. Katika majaribio yake yote kuna kitu kimoja hakukibadilisha hata mara moja, nacho ni harufu ya ngozi yake mwenyewe. Mwanzoni ngozi hiyo peke yake haikutosha. Kisha yeye, kila asubuhi, akaichanganya na mafuta na chakula mpaka mama akaijua. Sasa mafuta mtu yeyote angeweza kuyapaka. Ngozi hakuwa na wa kumwachia.

Kaka alisimama mlangoni, akitazama sakafu. "Basi Jumatatu..." alianza, asimalize.

Wifi, machozi yakimlenga, alikwenda kufungua dirisha ili harufu itoke. Hewa ya nje ikaingia, baridi na safi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu fundi akalisikia waridi.

"Funga!" mama akapiga kelele. "Atanitoka!"

Fundi akaweka kijiko chini, akainuka, akalifunga mwenyewe, akasukuma komeo.